Beji ya Dora

Mama yangu wa Tanga alikuwa akinukia udi na tui la nazi. Mama niliyemkuta Dubai alinukia mafuta ya zeituni, ndimu, na jani fulani kavu ambalo sikulijua. Ile harufu ilinifikia kabla ya mikono yake pale uwanja wa ndege, na mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja niliyelelewa na bibi asiyemwamini hata muuza mkaa wake, nikaanza kumshuku papo hapo. Alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma kwenda kuhudumia wateja katika mkahawa wa hoteli moja ya Al Rigga. Sasa nilikuwa nimeletwa kwa viza ya matembezi, likizo ya mwezi wa sita, wiki nne tu, na bibi alinituma jambo moja: "Zawadi, mtazame mama yako vizuri. Uje uniambie kama bado ana nia ya kurudi."

Basi nikamtazama. Tuliishi Discovery Gardens, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa pili alikaa anti Nakato, Mganda, mlinzi wa jengo la maduka. Nje kulikuwa na joto la kubabua, hivyo kutwa nilishinda ndani na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo, na mtu akishinda ndani namna hiyo huona mengi. Niliona mama amejifunza kucheka kwa sauti ndogo. Niliona rangi ya mdomo. Niliona anakwenda kuongea na simu bafuni, bomba akiliacha wazi. Dalili ya mvua ni mawingu, bibi alizoea kusema, na mimi mawingu niliyahesabu kila siku.

Wiki ya pili nikakuta beji kwenye mfuko wa sare yake: kibati cheupe chenye pini nyuma, na mbele neno moja, DORA. Mama yangu anaitwa Mwanaidi. Alizaliwa asubuhi ya Idi, jina akapewa na babu yake, na mimi mwenyewe aliwahi kunichapa kwa kumtania binti wa jirani jina lake, maana jina la mtu, alisema, ndiyo heshima yake. Sasa heshima yake kaiweka wapi? Kesho yake nikachungulia dirishani basi la wafanyakazi lilipokuja kumchukua. Mwanamke mmoja akatoa kichwa, akaita, "Dora, yalla!" Mama akageuka mara moja, uso umekunjuka, akakimbia. Mimi nikimwita mama, ilibidi nirudie mara mbili. Niliumia, sisemi uongo. Nikawa na hakika kwamba yuko mtu anaitwa Dora, anaishi Dubai kwa raha zake, hana mtoto Tanga, na huyo Dora hatarudi kamwe.

Asubuhi iliyofuata, mama akiwa anaoga, nikaichukua ile beji, nikateremka ngazi mbio, nikaitupa kwenye pipa kubwa la taka kando ya maegesho. Nilikuwa nimeifumbata kwa hasira mpaka pini ikanichoma kidole gumba. Mama alipekua chini ya godoro, nyuma ya jiko, hata ndani ya mfuko wa mchele. Niliketi nikimwangalia. Basi likapiga honi, naye akaondoka bila beji.

Alirudi na nyingine: MELANIA. Alikaa kitandani bila kuvua viatu. Anti Nakato, ambaye hata uchovu haukumzuia kutania, akavuta pazia. "Nyabo," akamwita kwa Kiganda, yaani bibiye, "leo wewe nani tena?" Mama akasema meneja amekasirika, jina la Dora kampa msichana mpya, na kwenye droo lilibaki hili. "Khalas, yamekwisha," akasema, lakini sauti ilikataa. Akatoa karatasi mkobani, akampa anti. Kumbe mkahawa ulikuwa wa vyakula vya Kigiriki, na meneja alitaka kila mhudumu avae jina la kike la Wagiriki wa kale, kwa madai kwamba wateja hawawezi kutamka majina yetu. Anti akaanza kutusomea na maana zake, kwa ule ukali wake wa mlangoni kazini. Sofia, hekima. Irini, amani. Zoi, uhai. Kalista, mzuri kuliko wote. "Hili ungechukua wewe, mwenye mashavu yako." Melania, mweusi. Hapo akamtazama mama.

"Weusi si tusi," mama akasema. "Ila lile nililichagua mwenyewe."

Kidole cha anti kikasimama penye alama ya kalamu. "Dora," akasoma. "Zawadi." Kisha akanitazama mimi. Mama akainamia viatu vyake kana kwamba amefumaniwa, akasema kama kutwa nzima ni lazima aitwe jina lisilo lake, basi alitaka liwe la mwanawe.

Nikakificha kidole gumba ndani ya ngumi. Jioni hiyo mama aliona kidole changu kimevimba, akakipaka dawa, wala hakuuliza nimefanyaje. Kesho yake nikateremka kwenye pipa, nikalikuta tupu. Zile simu za bafuni, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akimpigia bibi na kulia, nami nisimsikie.

Alirudi Tanga mkataba ulipoisha, akiwa Melania mpaka siku ya mwisho. Leo mimi nahudumia watu kaunta ya benki, kifuani nina beji yenye jina langu mwenyewe, na wateja wanalitamka bila taabu yoyote. Tabia ya kushuku haijaniisha. Hata mtu akinisifu, kwanza namtazama usoni. Mwaka jana, tukichambua mchele uani, nikamweleza mama habari ya beji. Hakuinua kichwa.

"Nilijua siku ileile. Kidole chako nani alikipaka dawa?"

Nikamuuliza mbona hakusema kitu.

"Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu niwe nawe," akasema. "Nizimalize kwa kukushuku?"

Mimi zangu nilikwisha kuzimaliza hivyo.