Fundi Firauni wa Mutsamudu

Ukiulizia nyumba ya Saïndou mjini Mutsamudu, huenda ukazungushwa vichochoro mpaka viatu vikuchoke. Uliza nyumba ya Fundi Firauni, maana huko msomi huitwa fundi, utaonyeshwa mara moja, tena kwa kicheko. Jina hilo alilipata siku aliporudi kutoka Kairo. Ukoo wake ulikuwa umemtuma huko akasome sharia aje awe kadhi, naye akarudi na shahada ya mambo ya Misri ya kale. Mjomba wake, aliyeuza shamba la mlangilangi ili kijana apate nauli, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Yaani tumekupeleka kwa Nabii Musa, wewe ukaenda kupanga kwa Firauni?" Waliokuwepo walicheka, na kufikia sala ya alasiri mji wote ulikuwa na jina jipya.

Kuchekwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba waliopotea njia Kairo walikuwa wawili, na aliyechekwa ni mmoja.

Wa pili aliitwa Chaher, mtoto wa Magoudjou, mtaa wa Moroni, mji mkuu, kisiwa kingine. Walikaa chumba kimoja na kula sahani moja ya maharage, na madarasa ya sharia waliyatoroka pamoja. Lakini hawakuwa sawa, na Saïndou alipenda sana kukumbuka hivyo. Yeye alikuwa mtoto wa fundi wa nakshi za milango. Vidole vyake vilisoma kitu kabla ya macho. Mpe kigae amefumba macho, atakwambia kimefinyangwa kwa mkono au kimetoka kwenye kalibu. Chaher alikuwa hajui kigae wala gae, alifaulu mitihani kwa kukwaruza tu. Alichojua ni watu. Profesa wao alipowaalika wanafunzi nyumbani kwake, jina la Chaher lilikuwa la kwanza, na Saïndou akifika, basi ni Chaher aliyemwombea. Mtu anaweza kusamehe kutukanwa. Kuombewa mlango ambao unaona ni haki yako, hilo ni gumu kumeza.

Basi mwaka 1978 mamluki wa Kizungu wakatua Ngazidja, kisiwa cha Moroni, wakaiangusha serikali na kuweka nyingine. Serikali inayoingia kwa bunduki hupenda kuonekana ya kistaarabu, na hii nayo ikaamua Moroni iwe na makumbusho. Akatafutwa msomi wa mambo ya kale. Waliokuwa na shahada hiyo visiwani humo ni hao hao wawili. Chaher alikuwa na binamu aliyejua mlango wa waziri, na Saïndou alikuwa na alama nzuri. Mwajua aliyechukuliwa. Saïndou akapewa chaki akafundishe historia shule ya sekondari ya Mutsamudu.

Wivu ukamwingia kama unyevu unavyoingia ukutani, na haukutoka tena. Chaher akihojiwa redioni, Saïndou alisikiliza ili apate makosa, na asipoyapata alikasirika zaidi. Chaher alipopewa gari, Saïndou alisema gari hilo ni bovu. Chaher alipofanya harusi kubwa ya mila, ile inayomtoa mwanamume wa Ngazidja utotoni hata kama ana mvi, Saïndou alialikwa. Alienda, akala wali wa watu huku akimtazama rafiki yake katika joho la nakshi za dhahabu, akaona joho limempwaya mabegani. Aliporudi alimsimulia mkewe Ramlati habari za mabega hayo mpaka chai ikapoa.

"Baba Naïma," Ramlati alimwambia, "wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Na wewe huna nyama ya kupunguza."

"Si wivu. Ni haki."

"Haya. Haki yako basi inakukondesha."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa miaka. Alifundisha vizuri, watoto walimpenda, hata walimu wa Mirontsy, mji wa jirani, walikuja kumsikiliza akieleza jinsi piramidi zilivyopandishwa. Yeye mwenyewe aliona yuko kwenye chumba cha kusubiri. Alisubiri Chaher aanguke.

Mwaka 1986 ukaleta nafasi. Chaher alipiga simu shuleni akaomba rafiki yake aruke mpaka Moroni, nauli juu ya makumbusho. Saïndou alimkuta ofisini chini ya feni, amenenepa kidogo, na mezani juu ya kitambaa cheupe kimelala kisanamu cha buluu kirefu kama kiganja, mikono imekunjwa kifuani. Wamisri wa kale waliwazika wafu wao na visanamu vya namna hiyo, ili huko akhera viitikie vikiitwa kazini badala ya bwana wao.

"Ameleta kapteni mmoja wa hawa Wazungu," Chaher alisema, akishusha sauti kwa sababu siku hizo hata kuta za ofisi zilikuwa na masikio. "Alikwenda Misri likizo. Anasema kimetoka kaburini. Anataka kikae katikati ya ukumbi mpya, na kwenye ufunguzi wake nimtaje mbele ya mabalozi."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi?" Chaher alicheka. "Mwenye vidole ni wewe, ndugu yangu. Mimi hata Kairo nilikuwa na mdomo tu. Ndiyo maana nimekuita."

Neno hilo Saïndou alikuwa amelingoja nusu ya maisha yake. Alikichukua kisanamu, akakigeuza, akapitisha kidole gumba ubavuni. Palikuwa na mshono mwembamba umepigwa msasa. Upande wa pili pia. Hapakuhitajika zaidi. Mafundi wa kale walibonyeza udongo katika kalibu ya upande mmoja na mgongo wakaumalizia kwa mkono. Kitu chenye mshono pande zote mbili kimetengenezwa mwaka jana na kuuzwa kwa watalii sokoni, karibu na mikoba ya ngozi ya ngamia.

Akiwa bado amekishika, akaona kila kitu. Akisema ni bandia, Chaher ameokoka, na atabaki chini ya feni yake. Akisema ni cha kweli, kitawekwa katikati ya ukumbi, watakuja wageni wanaojua, watacheka, na Chaher atakwenda na maji. Na serikali itamtafuta nani mwingine?

"Saïndou," Chaher alisema, "kama kina kasoro, iseme. Mimi huyu Mzungu siwezi kumkatalia, nitakosa kazi kesho. Ila neno likitoka kwa mtaalamu wa kisiwa kingine, nitamwambia mikono yangu imefungwa. Wewe Mutsamudu hatakufuata."

Saïndou alisikia hofu katika sauti ile, na ilimwingia kama asali.

"Ni cha kweli," alisema.

"Una hakika?"

"Umeniita kwa ajili ya vidole vyangu au umeniita kunipima?"

Chaher alimtazama kidogo, kisha akakifunika kisanamu. Saïndou alipita soko la Volo Volo, akamnunulia Ramlati kitambaa kizuri kuliko uwezo wake, akarudi kwao akipiga mluzi.

Kwenye ufunguzi alikuja, kwa hakika asingekosa. Mabalozi walikuwepo, kapteni alikuwepo katika sare nyeusi, na mgeni wa heshima kutoka Kairo alikuwa profesa wao wa zamani, amekuwa mzee, anatembelea fimbo. Moyo wa Saïndou uliruka. Hakuna macho duniani ambayo angeyachagua zaidi ya hayo.

Profesa alisimama mbele ya kabati la kioo katikati ya ukumbi. Aliangalia kisanamu mara moja tu. Kisha akainama asome kikaratasi cha maelezo, akakisoma kwa muda mrefu, mpaka Saïndou akasogea aone kinachomchelewesha. Kiliandikwa kwa herufi nzuri, Kifaransa na Kiarabu. Kilimtaja kapteni aliyekitoa. Chini yake kilisema kwamba uhalisi wa kitu hiki umethibitishwa na mtaalamu Saïndou, wa Mutsamudu.

"Nimekuandika," Chaher alisema pembeni yake, kwa furaha ya kweli. "Kazi ni yako, kwa nini sifa niichukue mimi?"

Mzee alijinyoosha polepole, akamtambua Saïndou.

"Huyu alikuwa bora kuliko wote," alimwambia Chaher. Kisha akamshika Saïndou mkono na kumwuliza kwa Kiarabu, ili kapteni asielewe, "Nani alikulazimisha, mwanangu?"

Mzee alitikisa kichwa kuelekea sare nyeusi. Hakuwa na hasira, alimhurumia. Saïndou angeweza kusema kweli, na ulimi ulikuwepo. Badala yake akainamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyelazimishwa kweli.

Chaher alikijua Kiarabu sawa na yeye. Saïndou hakuthubutu kumtazama, lakini alisikia pumzi yake ikisimama, na akajua mwenzake anarudia moyoni maneno yote ya siku ile: kama kina kasoro, iseme; wewe Mutsamudu hatakufuata; una hakika?

"Ni kweli, Ustadhi," Chaher alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Usimlaumu yeye. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Niliogopa."

Profesa akauachia mkono wa Saïndou, akamtazama Chaher kwa masikitiko, akaenda kwenye kabati jingine. Chaher akamfuata kumweleza vitu. Saïndou alibaki mbele ya kioo. Kwa miaka alikuwa amemwonea mtu huyu wivu kwa kiti, kwa gari na kwa joho, na kila usiku alijifariji kwamba lolote atakalopewa Chaher, aliye bora ni yeye. Sasa hata faraja hiyo Chaher alikuwa ameichukua, bila kuitaka.