Bia ya Pilipili kwa Baba Mkwe

Bia yenyewe niliipika Kitale, jikoni kwangu, kwa kimea cha shayiri na maua ya hopsi, yale ya kuipa bia uchungu, niliyoachiwa na jirani mzungu alipohama. Ikatoka rangi ya asali, chungu kidogo. Pilipili niliongeza mwenyewe, zile ndogo kali za soko la Chwele, nikazisaga, kwa sababu baba mkwe alishasema ati bia ya chupa ni maji tu. Mke wangu akabaki nyumbani, mimi nikampelekea mzee chupa zake Bungoma.

Njia nzima niliogopa. Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikuwa tukisikia kila mara watu wamekunywa pombe mbaya matangani, wakaamka vipofu. Yangu niliipika kwa usafi, lakini mambo yakiharibika nani angenisikiza?

Mzee hakutaka glasi. Akamimina chupa zote ndani ya chungu chake cha busaa, pombe yao ya nafaka, na machicha ya pilipili yaliyotulia chini yakaingia pia, kisha akazamisha mrija mpaka chini. Akavuta. Akakohoa. Mrija ukaziba, akauchomoa, akaikwangua ncha yake kwa vidole, na kwa vidole hivyo hivyo akajipangusa machozi.

"Mkwe, sioni!"

Jameni! Nimempofusha baba wa watu. Nikaona pingu, nikaona mke wangu akifunganya virago. Nikapiga mayowe bila kukumbuka kwamba pale bomani hakukuwa na mtu mwingine ila mama mkwe, na kwa mila yao mimi naye hatukai chumba kimoja, wala hatugusani. Tangu nioe alikuwa akinisalimia kutoka nyuma ya ukuta.

Akaingia mbio. Akanusa vidole vya mumewe.

"Si hii ni pilipili! Wewe, mshike kichwa!"

Nikamshika. Akamimina maziwa machoni, mikono yake ikigongana na yangu, na mzee analia kama mtoto. Mimi naomba Mungu kwa sauti, hata sijui nilimwahidi nini.

Mwishowe mzee akafungua jicho moja. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe, akatazama mikono yetu. Akalifumba tena.

"Bado sioni," akasema.

Nikamshika kichwa tena.

"Mama akishatoka, nitaona."