Mashine ya Kupukuchua Mahindi ya Hamida

Madam alianza kazi ya mwalimu mkuu katika shule moja ya Musanda Januari 2025. Hutembea na bisibisi mfukoni na huwauliza wanafunzi kwa sauti ya chini, "Hii umeifanyaje?" Siku ya maonyesho, wazazi walipigwa na butwaa alipoichukua mashine ya Hamida wa gredi ya saba, iliyochaguliwa kwenda mashindano ya kaunti, akaifungua skrubu moja baada ya nyingine mpaka ikawa vipande mezani.

"Irudishe ilivyokuwa, mama," akamwambia Hamida.

Hamida alimtazama baba yake.

"Lakini madam, tumekesha na hiyo kitu," baba akasema.

"Na Hamida alikuwa analalanga saa ngapi, Baba Hamida?"

"Saa mbili," Hamida akajibu mwenyewe.

Mashine haiendi kaunti. Jumatatu Hamida ataanza nyingine, shuleni, peke yake.