Kikapu cha Bi Zuhura

Nakumbuka Ijumaa moja mjini Maskati, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nimesimama mlangoni kwa watu walionipenda, kikapu mkononi na moyo mweupe kabisa. Moyo mweupe, mwanangu! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba sikuona hata chembe ya aibu.

Nilikuwa fundi wa magari kule Ghala, mtaa wenye gereji nyingi. Seif, Mwomani ambaye wazee wake walitoka Unguja, alileta gari lake gereji, akanisikia nikiitukana nati kwa Kiswahili, akacheka mpaka akakaa chini. Tukawa marafiki. Mama yake, Bi Zuhura, akawa ananialika kwao Qurum kila Ijumaa baada ya sala, na nikiondoka ananifungia pilau kwenye kikapu cha ukili chenye mfuniko. Mimi ni Mtaita. Mama yangu angenichapa kama ningerudisha chombo cha watu bila kitu ndani. Kwa hiyo kila Ijumaa nilikirudisha na ndizi.

Chini ya ndizi palikuwa na chupa.

Wageni tusio Waislamu tuliweza kupata kibali cha kununua pombe, na mimi nilikuwa nacho. Seif hakuweza. Aliponiomba mara ya kwanza, nilimchagulia mvinyo mwekundu wa Kifaransa, ule wa bei nafuu ambao wenyewe hunywa na chakula chao cha kila siku. Niliupendea picha ya kwenye chupa: mizabibu imepandwa kwenye mteremko, mstari juu ya mstari, nikaliona shamba la mama yangu kule milimani. Nikajiambia kitu cha bei ndogo hakiwezi kuleta madhara makubwa. Akili za ujana hizo. Seif alinipokea kikapu mlangoni, akakipitisha chumbani kwake kwanza, ndipo akakipeleka jikoni, na mama yake akimsifu kwa kusaidia kazi.

Ulipopita mwaka, mikono ya Seif ikaanza kutetemeka asubuhi. Bi Zuhura akaniita pembeni.

"Mwanangu, Seif anakunywa. Wewe ndugu yake, nnakuomba sema naye."

"Nitasema naye, Mama," nikajibu.

Sikusema. Wiki iliyofuata nilibeba chupa mbili.

Sasa ndiyo Ijumaa hiyo ninayokuambia. Seif alikuwa hajarudi kutoka msikitini, akanifungulia Bi Zuhura. Alinipokea kikapu kabla sijapata la kusema, akashangaa uzito wake, akainua ndizi. Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga makofi.

"Usiku na mchana nnamuuliza Mungu, nani anamletea mwanangu balaa hili," alisema taratibu. "Kumbe mlango nnamfungulia mimi mwenyewe."

Akatoa chupa, akaziweka chini, kisha akanirudishia kikapu. "Nenda nacho. Sikitaki tena."

Seif akapata wengine wa kumletea. Akapoteza kazi, kisha ini likaharibika, akafa hata miaka arobaini hajafika. Habari nilizipata kwa mteja, tayari ameshazikwa. Nikaendesha gari hadi mtaani kwao, nikaona wanaume wakiingia matangani, nikageuza. Ningemwambia nini mama yule?

Kikapu ninacho hapa Voi, na tangu siku ile sijatia kitu ndani yake. Nimetubu kanisani mara nyingi, na sitakudanganya kwamba nimepata nafuu. Aliyestahili kunisamehe sikuthubutu kumkabili, na sasa naye hayupo.

Mwanangu, wiki ijayo unakwenda ugenini. Utapata watu watakaokulisha kama mtoto wao. Rafiki akikuomba jambo asiloweza kulifanya mbele ya mama yake, mkatalie, hata akununie mwaka mzima. Na usijifariji kwamba ni kitu kidogo, cha bei rahisi, cha kila siku. Kilichomuua Seif kilikuwa cha kila siku.

Mungu akutangulie, akupe riziki safi na usingizi ambao mimi sina. Na mama atakayekufungulia mlango wake huko, asije akajuta.