Jogoo Aliyepandishwa Mlimani

Mpangaji wangu, mtafiti wa ndege, alimchukua jogoo wangu bila ruhusa, akampandisha mlimani awe chambo cha mwewe, akarudi na kamba tupu. Chai yangu anaendelea kuinywa.

Mtu huyu hasemi, hunong'ona, hata akiomba chumvi, kana kwamba chumvi itaruka. Kwa kutazama juu siku nzima, kila jioni lazima ajikwae kwenye ndoo yangu. Ukimuuliza habari za kazi, vidole vyake virefu huanza kupanda kisiwa chetu hewani. Hapa ufukweni kuna ndege huyu, ananong'ona, kisha anapiga mluzi wake. Katikati, msituni, kuna yule, na mluzi unakuwa mwembamba. Kule kileleni kwenye baridi anafumba macho kabisa, anatoa sauti ya mlango unaotaka mafuta.

"Na wangu anakaa wapi?" nilimuuliza jana, dada yangu akiwepo.

"Kileleni, mama. Nimemsikia leo. Hakuna jogoo aliyewahi kusikika juu kiasi kile."

"Tena mtazame anavyofurahi," dada akaniambia.

Nikamwambia mpangaji basi awike yeye, maana kuku wangu wamenuna bandani. Akakusanya viganja mdomoni, akawika mpaka jirani akafungua dirisha. Kuku wakatoka mbio, wakamtazama kuanzia viatu hadi kofia, wakarudi ndani.

"Samahani, mama," akaninong'oneza.

Sikuipokea. Mtafiti huyo bado anadaiwa jogoo wangu, akiwa hai, na samahani yangu kwa sauti ile ile aliyowikia.