Angefika Wapi Nisingemzuia

Mume wangu ni refa wa besiboli, na usicheke. Hapa mtaani kwetu Umoja watu wanajua kandanda, wanajua pool, wanajua kubeti. Ukiwaambia bwana yako husimamia mchezo wa kupiga mpira kwa rungu na kukimbia kuzunguka magunia, wanakuuliza kama amekosa kazi. Kazi anayo. Siku za juma huchomelea milango ya chuma. Jumapili tukitoka kanisani huvaa shati lake la buluu na kofia, na hapo anakuwa mtu mwingine. Hacheki, hapigi stori na mtu, na ukimwita Baba Watoto uwanjani anajifanya hajasikia.

Mimi hucheza. Timu yetu ni ya wanawake wa estate, na uwanja ni wa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Besi zetu ni magunia matatu yaliyojazwa mchanga, na pale mkimbiaji anapomalizia kuna kibao alichokikata yeye mwenyewe akakipaka rangi nyeupe. Wenzangu waliingia timu kupunguza kitambi. Mimi niliingia kwa sababu ya wivu, na sioni haya kusema. Kulikuwa na mwanamke wa timu ya Njiru, mtaa wa jirani.

Huyo mwanamke wa Njiru ndiye angekuwa mke wa mume wangu. Si porojo za mtaa. Mama mkwe aliniambia kwa kinywa chake tukichambua kunde, kwa sauti ile ile anayoniambia nayo kuwa vitunguu vimepanda bei. Walijifunza mchezo pamoja wakiwa shuleni, wakachumbiana, wazee wa pande zote mbili wakaonana, chai ikanywewa. Kisha kukatokea jambo ambalo mpaka leo hakuna anayenieleza likaeleweka, uchumba ukavunjika, halafu nikatokea mimi. Nikimuuliza mume wangu ananiambia, "Hayo ni ya zamani." Zamani gani, na mwenye zamani yake namwona kila tukicheza na Njiru? Mrefu, kiuno kama cha msichana, anakimbia kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mimi nimezaa, na nikikimbia unajua nimezaa.

Basi nikaona heri niwe ndani ya uwanja kuliko kukaa nje natoa macho. Nikamwambia mume wangu anifundishe. Alinifundisha jikoni kwetu, juu ya meza, kwa vizibo vya soda. Vinne vilikuwa besi na kibao, vingine wachezaji, na punje ya hindi ikawa mpira.

"Mpira ukiwa unakuja," aliniambia, "njia ni ya anayeuokota. Mkimbiaji akimgonga, mkimbiaji ametoka mchezoni, na wenzake wanarudi besi walizokuwa. Lakini wewe ukishaukosa, ukapita, na bado umesimama hapo, njia si yako tena. Sasa umemzuia. Hapo refa anajiuliza, huyu angefika wapi kama hangezuiwa? Popote angefika, refa anampa."

Nilikuwa naangalia vidole vyake vikisukuma kizibo kutoka besi ya pili kwenda ya tatu, polepole, kwa upendo. Nikashindwa kujizuia. "Na yule wa Njiru? Pia yeye ulimfundisha na vizibo?"

"Yeye hakuhitaji," akasema. "Alikuwa anaelewa haraka."

Jibu gani hilo la kumpa mke? Nilikusanya vile vizibo nikavitia kwenye mkebe nikafunga kifuniko. Alibaki ameshika punje yake ya hindi, hajui kosa lake ni nini.

Jumapili ninayoisimulia, Njiru walikuja kwetu, na kabla mchezo haujaanza wakaleta maneno. Kapteni wao, mama mmoja wa kuuza mitumba, alisimama katikati ya uwanja mikono kiunoni akasema refa ni bwana ya mtu, hawachezi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana bwana ya mtu alikuwa ni wangu. Lakini refa mwingine angetoka wapi? Mume wangu akavua kofia akawaambia wakimwona anapendelea, wamtoe. Wakawa wananung'unika, ndipo yule mchumba wake wa zamani akafungua mdomo.

"Mwacheni," akasema. "Huyo mimi namjua. Hapendelei mtu."

Namjua! Mbele yangu, nimesimama na kofia kichwani na namba sita mgongoni. Na wenzake wakakubali, kana kwamba yeye ndiye aliyelala naye jana. Niliingia uwanjani. Sikutaka tena kujua nani atashinda. Nilitaka kujua mume huyu ni wa nani, na nilijiambia siku hiyo haitaisha kabla sijajua.

Tulikwenda sare mpaka zamu ya mwisho ya mchezo, Njiru wakipiga. Yule mwanamke alikuwa besi ya pili, mimi nimesimama kati ya pili na ya tatu, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Hatukusalimiana. Mwenzake akapiga mpira, ukaja kwangu ukirukaruka kwenye vumbi. Nikainama, nikanyoosha mkono, ukagonga jiwe ukanipita ubavuni ukaenda zake mpaka kwenye ua wa shule. Nikawa nageuka kuutazama. Hapo ndipo yule mwanamke aliponiingia mzima mzima, goti kwa goti, tukaenda chini wote wawili.

Mume wangu alisimamisha mchezo akaja mbio. Mimi nilikuwa chali, mchanga mdomoni. Nilinyoosha mkono, kwa sababu mtu akimwona mumewe anakuja mbio hunyoosha mkono. Akanipita. Akaenda kwa yule, akamshika kiwiko, akamwinua taratibu, akamuuliza, "Uko sawa?" Sauti hiyo naijua. Ni ile ya nyumbani, ya mtoto akiwa na homa.

Kisha akanigeukia. "Namba sita, inuka."

Nikainuka. Goti lilikuwa linavuja damu. Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote akatangaza nimezuia mkimbiaji. Wenzangu wakamzunguka kama kuku waliomwagiwa mahindi, kila mmoja na lake, kwamba nilikuwa nikiokota mpira na yule ndiye aliyenigonga, atoke. Mume wangu akatulia. Akatazama besi ya pili, akatazama ua wa shule ambako mpira ulikuwa ukitafutwa bado, akamtazama yule mwanamke. Alikuwa anapima angefika wapi.

Nikamtazama akipima. Tangu niolewe nimekuwa nikijiuliza hilo hilo, nikiosha vyombo, nikianika nguo: huyu mwanamke angefika wapi mimi nisingekuwa njiani? Sasa mume wangu alikuwa analijibu hadharani, na mashahidi wakiwepo.

"Angefika mwisho," akasema, akaonyesha kibao.

Yule akatembea mpaka kwenye kibao bila haraka, akakikanyaga, ikawa pointi, Njiru wakashinda. Kapteni wao alikuja akampa mume wangu mkono. "Refa wa haki," akamwambia, na akaniangalia mimi kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Tulirudi nyumbani yeye nyuma na magunia begani, mimi mbele nachechemea. Nikasonga ugali. Nikatia mboga ya sukuma wiki kwenye sahani. Halafu kabla hajanawa mikono nikaleta mkebe nikamwaga vizibo mezani.

"Nionyeshe," nikamwambia.

Akanionyesha. Hapa wewe, hapa yeye, mpira umeshapita. Niliangalia kwa makini nikitafuta pa kumshikia, sikupaona. Mpira ulikuwa umeshapita kweli. Njia ilikuwa ya yule. Nikakubali, maana mimi si mtu wa kubishana na kilicho wazi.

"Sawa," nikasema. Nikachukua kizibo changu na cha yule nikavilaza ubavu kwa ubavu. "Na hapa, wote tumeanguka. Sheria inasema refa amwinue nani kwanza?"

Akachukua kizibo kimoja akawa anakizungusha. Sikuangalia ni cha nani.

"Hakuna sheria ya hiyo," akasema mwishowe. "Mama, umewasikia hao watu kabla ya mchezo. Ningekuinua wewe kwanza, wangesema nakupendelea."

"Na wangesema, ungekufa?"

Ugali ulikuwa unapoa. Watu wa uwanja mzima walikwenda kwao siku hiyo wakisema mume wangu hapendelei mtu, na walisema kweli, yule mwanamke aliwaambia mapema. Nilisukuma vizibo pembeni nikamsogezea sahani yake.

"Mimi nilitaka waseme," nikamwambia.