Winchi Haishuki

Majuzi nesi wa zahanati alinipandisha kwenye mizani. Nilikuwa na utani wangu tayari, maana huwa najicheka mapema ili wengine wakute nimeshamaliza. Lakini hakunisema. Aliuliza tu, "Dada, kwenu nani mwingine alikuwa na umbo hili?" Nikajibu, bibi. Basi, rafiki yangu, nikarudi nyumbani, nikafunga mlango kama ilivyo kawaida yangu, na Matongo yote, kijiji nilikokulia, ikanijia.

Enzi hizo watu walikuwa wamepagawa na dhahabu. Karasha zilisaga mawe kutwa, hadi kuombana chumvi ilibidi mpige kelele. Mama alikaanga chapati kwa wachimbaji. Shamba letu la mtama lilichimbwa lote, ng'ombe wakapelekwa kwa mjomba, kijiji cha Nyanungu, na mto tuliouendea na ndoo ukawa tope la waosha mchanga, hivyo maji yakawa yanaletwa mlangoni kwa baiskeli. Uji wa wimbi ukasahaulika. Chakula changu kikawa chapati zilizobaki na soda, vitu ambavyo mama aliniachia kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza kubaki. Nilikula peke yangu. Uzuri wa chapati, haikucheki.

Nikanenepa. Watoto wa jirani walikula chapati zilezile wakabaki kama fimbo za kuchungia. Mimi nikawa bibi mdogo. Na mchimbaji aliyeota kitambi alipewa kiti na kuitwa bosi, lakini mimi niliitwa Tanki. Jirani yetu alisema nakula hadi fungu la mbwa. Mwalimu alisema uvivu huanzia tumboni. Nikaamini, darasani nilikuwa msikivu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la choo lililoachwa bila kumaliziwa, kina chake kifua cha mtu mzima. Hilo ndilo lilikuwa duara letu, yaani shimo letu la dhahabu, la kuchezea. Wenzangu walishuka kwa kamba ya ng'ombe "kuchimba", nami nikakaa juu, kamba kiunoni, nikiwa uzito wa kuwashikilia, kama winchi inayoshusha wachimbaji kwa kamba. Kule chini walinong'ona, wakacheka, wakagawana vijiwe vinavyometa. Mimi niliona visogo tu. Nilitamani kushuka kuliko nilivyotamani chapati, na hilo si jambo dogo.

Siku moja nikasema, "Leo zamu yangu."

"Tanki, wewe ndiye winchi," akajibu binti wa jirani. "Winchi haishuki!"

"Kamba itakatika!"

"Shimo litajaa!"

Bibi alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akanyanyuka kwa awamu, maana naye alikuwa na mwili kwelikweli. Akanifungua kamba kiunoni, akajifunga yeye upande mmoja na kunipa mwingine, akaketi na kukanyaga jiwe.

"Shuka. Huu mwili ni mimi niliyekupa. Nitaushika."

Jirani akapaza sauti toka ng'ambo ya ua: "Mama, mtatumbukia wote!"

"Tukitumbukia utasikia."

Nikashuka. Kamba haikukatika. Chini palikuwa na ubaridi na harufu ya udongo mbichi. Nikasubiri vicheko, nikasubiri mtu anifuate. Wenzangu walikuwa wameshakimbilia mchezo mwingine. Nikatazama juu, nikaona miguu minene ya bibi na kamba iliyokazwa.

"Kuna nini huko?" akauliza.

"Hakuna kitu, bibi."

"Basi umejua. Panda tukale."

Nyumba ile haipo tena. Pale pamelala kilima cha mawe ya mgodi. Bibi tulimzika Nyanungu, walikohamia ng'ombe. Nesi aliniambia, bila kunikaripia, kwamba mwili hufuata ukoo, chakula, mwendo, hata upweke, na kwamba nianze kwa kutembea. Nimeanza. Nafika getini.

Kisha narudi, nafunga mlango, nakaa. Mara nyingine najikuta nimeshika kiuno pale ilipokuwa kamba, nikisikiliza kama yupo mtu huko juu anayeuliza kuna nini huku.